Nukta Mia Tano

Kiti cha Botagoz kilikuwa na mguu mmoja mfupi.
Aliuwekea kadibodi iliyokunjwa mara nne,
na kila Jumatatu aliikunja upya.

Hapa Karaganda theluji ya Februari hushuka nyeupe,
hutua kijivu.
Sisi hatuioni. Tuko ghorofa ya pili,
mapazia hufungwa saa mbili asubuhi
kwa kuwa hadubini haipendi mchana.

Makaa ya mawe huja yamesagwa, ndani ya mifuko yenye namba.
Tunayachanganya na gundi, yanaganda,
tunayasugua hadi yang'ae kama kiatu cha ofisa:
duara dogo jeusi, kifungo cha koti.
Harufu ya gundi hutufuata nyumbani, hukaa kooni, hunywa nasi chai.
Kuhusu feni ya kutolea hewa tumeandika barua tatu.
Ya tatu imejibiwa:
ya pili bado inasomwa.

Kisha tone la mafuta. Lenzi inazama,
shingo inainama.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa,
ila methali haikusema ainame saa ngapi,
wala cha mvunguni
ni cha nani.

Nukta ya kwanza: kijivu laini. Hili lilikuwa gome.
Bonyeza.
Nukta ya pili: kijivu.
Bonyeza.
Ya tatu: uzi mweusi, ganda la chavua
iliyopeperuka siku isiyo na jina.
Ya nne inang'aa hadi inachoma:
ni msitu ulioungua
kabla hajazaliwa wa kupiga kelele za moto.
Bonyeza.

Kifungo kimoja, nukta mia tano.
Sampuli moja, vifungo viwili.
Yermek anataka sampuli nne kwa kila kichwa kabla ya jioni,
mabehewa yamejaa, mnunuzi anasubiri namba.
Basi tunavihesabu vifungo vyetu
kama watu wanaovitumikia.
Namba ikishuka sehemu moja ya mia, bei ya makaa hutikisika.
Bei yetu sisi haina desimali.

Botagoz, kwa Kikazaki, ni jicho la ndama wa ngamia.
Mama yake alimpa jina hilo kwa ajili ya kope.
Miaka ishirini na miwili alilibana jicho hilo kwenye mrija wa shaba
na hakuwahi kukosea kijivu kwa kijivu.

Jumanne ile, akiwa kwenye nukta ya mia tatu na kumi na mbili,
aliacha kubonyeza.
"Zina," akaniambia, "kuna nukta ambayo haimo kwenye kifungo."
Akafuta lenzi. Akafuta tena.
Akabadilisha sampuli; nukta ikahama naye.
Tukabadilishana viti,
akainamia hadubini yangu,
na nukta ilikuwa imeshatangulia, imeketi katikati,
inamngoja.

Fomu ya ajali iliuliza: kiungo kilichoumia?
Akaandika: jicho la kulia.
Ikauliza: kilichosababisha?
Alikaa na kalamu muda mrefu.
Akaandika: kutazama.

Yermek si mtu mbaya. Alimletea chai mwenyewe,
yenye maziwa, kama apendavyo.
Kisha akairudisha fomu kwa mikono miwili.
"Kutazama si ajali, dada.
Kutazama ni kazi."

Saa tisa alivaa buti zake, akashika ukuta kwenye ngazi,
ukuta ambao kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuhitaji.

Sampuli yake ilibaki chini ya taa.
Kanuni hairuhusu macho ya watu wawili kwenye jedwali moja,
kwa hiyo nikafuta hesabu yake yote
na kuanza mwanzo,
nikiwa nimekalia kiti chake, kwa kuwa changu hakina mto.

Nilipofika pale aliposimama
palikuwa na gundi tupu.
Gundi haihesabiwi.
Nikasogeza.